Farasi anayesita kwenye mbio za nyika: sentimita 60, 80, 90 au mita 1?

Mwenye farasi anayesita akipewa fomu ya shindano, jicho lake huenda moja kwa moja kwenye urefu: aandike 80 au 90? Urefu ndio jambo la mwisho la kuangalia. Farasi mzima mwenye afya ana mwili wa kuruka sentimita 90 bila shida. Kinachomsimamisha nyikani ni mtaro mweusi asioujua kina chake, maji ya udongo, kivuli kizito baada ya jua kali, kasi inayomnyima muda wa kutazama, au mpandaji aliyezikaza hatamu kwa hofu. Madaraja ya mashindano yanatofautiana katika mambo hayo yote, na hayo ndiyo yanayopimwa hapa.

Walengwa ni wenye farasi, wapandaji na masaisi (watunza farasi) wa Mombasa na viunga vyake: wanaofanyia mazoezi ufukweni Nyali na Bamburi au mashambani upande wa Mtwapa na Kikambala, kisha wakapakia farasi kwenye lori kwenda kushindana bara. Mbio za nyika ni ile sehemu ya mashindano ya hatua tatu, pamoja na dresaji (kuonyesha utii na mwendo wa farasi uwanjani) na mruko wa uwanjani, ambapo farasi hukimbia nje juu ya vizuizi visivyoanguka akivigonga. Takwimu za kasi na urefu zinatokana na madaraja ya Uingereza na Marekani, kwa kuwa ni kipimo kinachojulikana. Kanuni za shindano unaloingia ndizo zenye neno la mwisho, zisome kabla ya kulipa.

Kabla ya daraja, maumivu

Farasi aliyekuwa akiruka vizuri kisha akaanza kukataa ndani ya wiki chache hahitaji daraja jipya, anahitaji daktari wa mifugo. Mahali anaposita pana habari. Akikataa kuruka kwenda chini ilhali kupanda tuta hana neno, angalia kwato na miguu ya mbele, maana uzito wote wa kutua huangukia huko. Akisita kwenye vizuizi vya kupanda mlima, angalia mgongo na miguu ya nyuma. Akitupa kichwa juu hatua mbili kabla ya kizuizi, ni meno, lijamu (chuma cha mdomoni) au mkono wa mpandaji. Akiruka vizuizi kumi vya kwanza na kukataa vya mwisho, huenda amechoka.

Pwani kuna mawili ya ziada. Masika, zizi likikaa na maji, ile nyama ya pembetatu chini ya kwato huoza. Kwangua, unuse, na ikinuka vibaya au akishtuka ukiibonyeza, usiende popote. Na joto la Januari hadi Machi huwakondesha farasi wengi, kwa hiyo tandiko lililomkaa sawasawa Julai linaweza kushuka na kugusa mfupa wa mabega Machi. Liweke bila kitambaa, mpandaji akae juu, kisha pitisha vidole viwili hadi vitatu kati ya tandiko na mfupa huo. Visipopita, huenda umeshajua anasita kwa nini.

Vigezo vya kulinganisha

Cha kwanza ni aina ya kusita. Yuko anayetazama: hushusha kichwa, masikio mbele, hupunguza mwendo, akipewa nafasi ya kuona huruka. Yuko anayekwepa pembeni, karibu kila mara upande uleule. Yuko anayesimama kabisa, miguu ya mbele imenyooka kama nguzo. Na yuko anayeganda kwa kuwaacha wenzake, tabia ya kawaida sana kwa farasi wa ufukweni waliozoea kutembea kwa msururu, wakiongozwa na saisi. Hawa wanne hawafai daraja moja.

Cha pili ni maswali ya njiani, yaani vizuizi vya namna gani na vimepangwaje. Gogo la sentimita 90 kwenye mlima mdogo, lenye nyasi chini yake, ni swali jepesi kuliko gogo la sentimita 70 lililo kivulini, njia ikiteremka. Jicho la farasi huchukua muda mrefu kuliko la binadamu kuzoea giza akitoka kwenye mwanga mkali. Aliyelelewa kwenye mchanga mweupe akifikishwa chini ya miti akiwa kwenye kanta (mwendo wa kasi kuliko mchakamchaka) huona shimo, haoni kizuizi. Rangi nazo zina lake: farasi hatofautishi vizuri rangi ya machungwa na kijani, ila nyeupe, buluu na manjano huziona. Boriti za mazoezi zipakwe nyeupe au buluu.

Cha tatu ni kasi. Cha nne ni akiba, yaani farasi akifika vibaya anaweza kujiokoa kiasi gani bila kuumia wala kuogopa. Cha tano ni adhabu. Kukataa mara ya kwanza ni alama 20, mara ya pili kwenye kizuizi hichohicho 40, mara ya tatu hapo ni kuondolewa. Mpandaji akianguka ni kuondolewa pia, na kila sekunde moja ya kuchelewa kwenye nyika ni alama 0.4. Ukishaondolewa hutakiwi kuendelea kuruka. Unatoka kwa mwendo wa kutembea. Kwa farasi anayesita hili ni zito kuliko alama zenyewe, kwa sababu jambo la mwisho alilojifunza siku hiyo ni kwamba ukikataa mara tatu kazi inakwisha.

Kipimo cha kasi unachoweza kukifanya ufukweni

Maji yakipwa, kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, pima mita 400 na uweke alama mbili. Mpe farasi mita 100 za kuchanganya mwendo kabla ya alama ya kwanza, kisha anza kuhesabu saa.

Mita 300 kwa dakika ni sekunde 80. Mita 350 ni takriban sekunde 69. Mita 435 ni 55, mita 450 ni 53, mita 475 ni kama 50 na nusu. Matiti ya kawaida, yaani mwendo wa mchakamchaka wa mita 220 kwa dakika, hufika kwenye sekunde 109.

Sasa mtazame farasi, si saa peke yake. Anaposhika sekunde 55, je, bado anaitikia hatamu kwa hatua tatu au nne, au anahitaji mita 50 kupunguza? Akiwa hapunguzi, kasi hiyo bado si yake. Ufukwe hudanganya, maana ni tambarare na hauna kona. Bara utakuta mlima, udongo mweusi unaoteleza ukiloa, na majani yaliyoficha mashimo. Yule anayekwenda sekunde 55 Bamburi kwa raha mhesabie 60 bara.

Ongeza na hewa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Farasi aliyefika jana atahema mapema. Mapigo yake akiwa ametulia ni 28 hadi 44 kwa dakika. Yakiwa bado juu ya 64 dakika 20 baada ya zoezi la kasi, na umeshammwagia maji na kumtembeza, hayuko tayari kwa kasi ile.

Sentimita 60 hadi 70, au siku ya mazoezi bila kushindana

Maswali ya njiani: magogo ya mojamoja, maji yanayoingiwa kwa kutembea bila kizuizi mbele yake, mtaro mwembamba unaoweza kupitwa kando, tuta dogo la kupanda. Mfululizo, yaani vizuizi viwili au zaidi vilivyokaribiana, ni nadra. Kila kitu kinaweza kurukwa kwa matiti, na vingi hata kwa kutoka kusimama.

Kasi: mara nyingi hakuna saa kali, na siku ya mazoezi hakuna saa kabisa. Kwenye siku ya mazoezi unaweza kurudia kizuizi, kwenda nyuma ya farasi mwenzake, na kumaliza kwa kizuizi anachokipenda. Hakuna daraja la shindano linalokupa hayo.

Kinachoharibika: mpandaji hulegea. Anakwenda bila mstari, miguu haifanyi kazi, kwa sababu gogo ni dogo. Farasi naye hujifunza kusimama, kutazama, kisha kuruka kutoka pale pale kama mbuzi, na mpandaji akimsifu. Ukimhamishia 90 na tabia hiyo, atasimama kutazama na hataweza kuruka kutoka hapo. Tatizo jingine ni farasi mwenye nguvu anayedharau vizuizi vidogo, hainui magoti, anagonga gogo lisiloanguka na kujikwaa. Huyo huanza kusita baada ya kujiumiza, na watu hushangaa kwa kuwa kizuizi kilikuwa kidogo.

Linamfaa: anayesimama kabisa, anayeganda kuwaacha wenzake, farasi asiyewahi kuona mtaro au maji ya bara, na mpandaji mwenye hofu kuliko farasi wake. Halimfai anayekwepa pembeni kwa mazoea, kwa kuwa shida yake ni uongozi, na gogo fupi halimfundishi kunyooka.

Sentimita 80

Hapa ndipo farasi wengi wanaosita huamuliwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Maswali ya njiani: vizuizi huwa kama ishirini hivi, vingi ni vya pekee. Utakuta mfululizo wa viwili, maji yenye mwingilio wa taratibu, ngazi moja ya udongo kupanda na kushuka, na mtaro mmoja ulio wazi. Mara nyingi kizuizi kigumu huwa na njia ndefu mbadala. Bendera nyekundu iwe kulia kwako, nyeupe kushoto, popote upitapo.

Mfululizo ndio unaowanasa wanaosita, na sababu yake ni ya hesabu. Hatua moja ya kanta ni kama mita 3.65. Mfululizo wa hatua moja huwekwa kwenye takriban mita 7.3: mita 1.8 za kutua, hatua moja, mita 1.8 za kuinuka. Farasi aliyesita kwenye kizuizi cha kwanza huruka kwa mkupuo mfupi, akatua mita moja tu baada yake. Hatua yake ya pili nayo ni fupi, na sasa anajikuta mbali mno kwa kuinuka na karibu mno kwa kuongeza hatua. Anasimama. Mpandaji anamchapa kwa kukataa kizuizi cha pili, ilhali kosa lilifanyika kwenye cha kwanza. Dawa ni miguu ya mpandaji mara anapotua, na mazoezi ya mfululizo nyumbani kwa mita 5.5 kwanza, matiti yakiingia, kisha ukivuta hadi 7.3 kwa kanta.

Kasi: Uingereza daraja hili huendeshwa kwa mita 435 kwa dakika. Marekani daraja la kwanza lenye urefu wa karibu hivyo, sentimita 79, huwa kati ya mita 300 na 350 tu, na huko anayezidisha mbio naye hutozwa alama. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ya sentimita kumi za urefu, kwa hiyo kwenye karatasi ya shindano tafuta kasi kwanza.

Tuchukue njia ya mita 2,000 kwa kasi ya 435. Muda uliowekwa ni dakika 4 na sekunde 36. Ukienda kwa 350, utamaliza kwa dakika 5 na sekunde 43, umechelewa sekunde 67, sawa na alama 26.8. Zimezidi adhabu ya kukataa mara moja, ndiyo, ila farasi amemaliza njia yote bila kukataa, na hilo ndilo ulilolifuata. Kikomo cha muda kwa kawaida ni mara mbili ya muda uliowekwa, hapa dakika 9 na sekunde 12. Hata matiti kutoka mwanzo hadi mwisho yangekufikisha kwenye dakika 9 na sekunde 5. Kwa hiyo una ruhusa ya kwenda pole. Itumie hasa kwenye vizuizi vitano vya mwanzo, maji na mtaro.

Kinachoharibika: mpandaji anaikimbiza saa. Anamwona farasi anasita, anaongeza mbio akidhani kasi itambeba, na farasi anayetazama ananyimwa kile anachokihitaji, muda wa kuona. Kasi inaweza kumvusha vizuizi vitatu. Cha nne, chenye kivuli, atasimama kwa nguvu ileile na mpandaji ataendelea peke yake.

Linamfaa: anayetazama kisha akaruka, mradi ameshavuka mtaro, maji na kushuka kwa jaribio la kwanza katika angalau sehemu mbili ngeni kwake. Ngeni, yaani si shamba la jirani alikopita kila wiki. Linamfaa pia anayekwepa pembeni, kwa sababu vizuizi ni vipana na vinampa mpandaji nafasi ya kumrekebisha kwa hatamu ya wazi upande wa pili na mguu upande anaokimbilia.

Sentimita 90

Maswali ya njiani: aina zilezile, ila sasa zinaunganishwa. Gogo kisha maji. Mtaro ulio chini ya kizuizi badala ya kuwa wazi peke yake. Kizuizi chembamba baada ya kupinda, kona nyepesi (kizuizi chenye umbo la pembe), kushuka kisha hatua mbili hadi gogo. Kimoja kimoja farasi wako anavijua. Viwili pamoja vinamtaka afikirie kizuizi cha pili akiwa bado juu ya cha kwanza.

Kasi: Uingereza mita 450. Marekani 350 hadi 400. Tofauti na 80 ni ndogo, ila huwezi tena kuingia kila kitu kwa matiti, kwa kuwa baadhi ya vizuizi vina upana unaotaka kanta yenye nguvu.

Kinachoharibika: akiba inapungua. Akifika vibaya kwenye 80 anaruka kwa shida na kusahau. Akifika vibaya kwenye 90 yenye upana, anagonga kifua au anatua na miguu ya nyuma juu ya kizuizi, na farasi mwenye tabia ya kusita hukumbuka kwa miezi. Njia ndefu mbadala zipo, lakini zinataka uamuzi wa haraka. Amua ukikagua njia kwa miguu: hapa moja kwa moja, pale njia ndefu, na nikikataliwa mara mbili, jaribio la tatu ni njia ndefu bila kubishana. Yafaa pia kujua kwamba kwa kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, kizuizi kisichozidi sentimita 30, kama mtaro au ngazi ya kushuka, farasi akisimama kisha akaruka papo hapo kutoka aliposimama hahesabiwi amekataa. Akirudi nyuma, hata hatua moja, amekataa. Kwa hiyo ukingoni mwa mtaro usimgeuze. Mshike hapohapo, kichwa mbele, miguu ikiuliza.

Linamfaa: farasi aliyesita kwa kuchoshwa na vidogo, ambaye mbele ya kizuizi kikubwa masikio husimama na mgongo huinuka. Wapo wa namna hii, na kuwashusha daraja huwazidishia uvivu. Linamfaa pia yule mwenye mpandaji aliyewahi kumaliza 90 na farasi mwingine, kwa kuwa mmoja wao lazima awe anajua majibu. Farasi mgeni na mpandaji mgeni pamoja kwenye 90 ni hatari, na hapo sina la kupunguza.

Mita 1

Kasi ya Uingereza ni mita 475, ya Marekani 420 hadi 470. Kona halisi, vizuizi vyembamba ndani ya mfululizo, kushuka ndani ya maji. Kusita hapa hakuna pa kujificha: kosa la nusu hatua linaweza kuwaangusha wote wawili. Linamfaa farasi aliyekuwa hapa zamani, akapumzishwa kwa jeraha, daktari akamruhusu, na anasita kidogo tu mwanzoni. Naye apitie 80 mara moja kwanza. Kwa farasi mwingine yeyote anayesita, daraja hili bado.

Mazoezi ya Pwani yanayobadilisha jibu

Daraja linalomfaa leo huenda lisiwe la miezi michache ijayo, na mengi yanaweza kufanywa bila kutoka Mombasa. Vigogo vya mnazi vinatosha. Viwili chini na kimoja juu, vyote vya unene wa sentimita 30, vinatoa urefu wa sentimita 56. Vya unene wa 40 vinatoa 75. Pigilia vigingi vya mbao kila upande visibingirike, na ondoa kila msumari. Kwa kizuizi kinachofanana na kichaka, laza makuti kwenye upande anaotokea, yainamie mbele. Mtaro wa mazoezi uwe na upana wa sentimita 60 na kina cha 30, boriti moja imelazwa ukingoni. Ukiweza, ujazie udongo mweusi au makaa yaliyosagwa, kwa maana mtaro wa mchanga mweupe haumtishi farasi wa Pwani, na wa bara si mweupe.

Bahari ni mwalimu mbaya wa maji siku ya kwanza. Wimbi linasogea, ukingo unarudi nyuma, farasi anatazama chini anaona ardhi inakimbia, anakwenda pembeni. Akishajifunza kwenda pembeni ndani ya maji, ataifanya hiyohiyo kwenye dimbwi la shindano. Tumia vidimbwi vinavyobaki kati ya fungu na fungu maji yakipwa sana wakati wa bamvua, baada ya kuvipitia mwenyewe kwa miguu kutafuta mawe na matumbawe. Kisha, mvua zikianza, tafuta dimbwi la maji mekundu ya udongo barabarani au shambani, aingie kwa kutembea nyuma ya farasi mzoefu, atoke, arudi peke yake. Aliyezoea kuona sakafu ya bahari kupitia maji angavu huona maji ya udongo kama ukuta.

Kwa anayeganda kuwaacha wenzake, hakuna kizuizi kitakachomtibu. Atolewe peke yake kila siku, dakika tano kwanza, upande tofauti na wenzake, na aachane nao barabarani, si zizini tu. Mpaka aweze kwenda kanta akiwapa wenzake mgongo bila kuita, daraja lolote litaishia kwenye mstari wa kuanzia.

Kazi yote ifanyike alfajiri. Unyevu wa Mombasa huzuia jasho kukauka, na farasi asiyepoa husita kwa sababu ameishiwa, si kwa sababu anaogopa. Akitoka baharini aoshwe maji baridi ya bomba, hasa chini ya mkanda wa tandiko.

Uamuzi kwa hali yako

Hujawahi kumpeleka bara, na anasimama kabisa mbele ya vitu vipya: siku ya mazoezi kwanza, kisha 60 au 70. Ukipata siku ya mazoezi uwanja uleule wa shindano, hiyo ina thamani kuliko mashindano mawili.

Anatazama, anaruka, na nyumbani hakatai tena: 80, ukiwa umeamua mapema kwamba saa haikuhusu. Angalia kama kasi iliyowekwa ni 435 au ni ya chini. Ikiwa 350, karibu farasi yeyote tulivu ataweza kuimudu.

Anakwepa kushoto kila mara: 80, baada ya wiki kadhaa za mapipa mawili yenye upana wa mita moja na nusu katikati na boriti za kumwongoza. Usiende 90 mpaka uweze kuondoa boriti hizo, kwa sababu vizuizi vyembamba vinamngoja huko.

Anasinzia kwenye vidogo na kugonga: 90, ila mpe njia ya mruko wa uwanjani ya urefu huo kwanza. Vile vinaanguka, na vitamfundisha kuinua miguu bila kumwumiza.

Amekataa mara tatu kwenye 90 msimu uliopita: rudi 80 kwa mashindano mawili yasiyo na kukataa hata kumoja. Likitokea moja kwenye la pili, hesabu upya. Wengi hurudi 90 baada ya moja zuri tu, na moja zuri linaweza kuwa njia nyepesi ya siku hiyo.

Mpandaji ndiye anayeogopa: mpe farasi mpandaji mwingine kwa 80, na mpandaji apande farasi mzoefu kwa 70. Wakutane baadaye.

Umebanwa kati ya 80 na 90 na vigezo vyote vimegawanyika: safari iamue. Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480 kwa lori na kupanda kote huko. Ondoka usiku kukwepa joto la Taru na Tsavo, simama Voi na Mtito Andei kumpa maji, na usimfunge kichwa juu muda wote, kwa kuwa farasi asiyeweza kuinamisha kichwa hatoi vumbi na makohozi na huweza kupata homa ya mapafu. Mpime joto asubuhi na jioni. Kawaida ni 37.5 hadi 38.5. Ukiweza kufika siku tatu kabla, akala vizuri na akatembezwa uwanjani, 90 inawezekana. Ukifika Ijumaa usiku kwa shindano la Jumamosi, andika 80, na joto likizidi 38.5 asubuhi yake, mwache apumzike.